Monsta traki iliyoungwa kutoka seti tofauti: dalili, visababishi na marekebisho

Seti moja ya modeli hutoka kiwandani ikiwa imeshapatana: vipimo vyake vinalingana, plastiki yake ni ya aina moja, na kila kijiti kina tundu lake. Mjenzi wa modeli ya monsta traki, yaani pikapu yenye matairi makubwa mno, anayechukua bodi ya pikapu kutoka boksi la kwanza, ekseli kutoka la pili na matairi kutoka la tatu huwa amevunja mapatano hayo kwa makusudi, na hitilafu nyingi atakazokutana nazo zitaanzia pale sehemu ya boksi moja inapokutana na sehemu ya boksi jingine. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili zinazolalamikiwa mara kwa mara, na chini ya kila dalili kisababishi kinachotokea zaidi kimetangulia. Usishike msumeno kabla ya kumaliza ukaguzi unaohitaji rula na macho tu.

Bodi haikai juu ya chasisi, au gari linaonekana kama magari mawili

Kisababishi kikuu ni tofauti ya kipimo. Seti nyingi za magari kutoka Marekani ni za 1:25, yaani modeli ni ndogo mara 25 kuliko gari halisi, ilhali za Japani nyingi ni za 1:24, na wajenzi huzichanganya kwa kuamini kwamba tofauti hiyo ni ndogo mno. Ni kweli kwamba ni kama asilimia 4 tu, lakini bodi yenye urefu wa milimita 200 katika 1:25 ingekuwa na milimita 208 katika 1:24, na milimita hizo nane zinatosha kuisukuma ekseli ya nyuma nje ya katikati ya tao la madigadi.

Usitegemee namba iliyochapishwa kwenye boksi; pima kitu ambacho ukubwa wake halisi unajulikana. Tairi la kawaida la monsta traki za leo lina kimo cha inchi 66 na upana wa inchi 43. Kimo hicho ni milimita 1,676, kwa hiyo tairi la modeli linapaswa kukaribia milimita 70 katika 1:24 au milimita 67 katika 1:25. Upana wa gari zima, kutoka ukingo wa nje wa tairi moja hadi ukingo wa nje wa jingine, ni kama futi 12, yaani takriban milimita 152 au 146. Ikiwa matairi yako yana milimita 55, hakuna urefu wa springi utakaoifanya modeli ionekane monsta traki. Itabaki kuwa pikapu iliyoinuliwa.

Kwa maoni yangu, mchanganyiko wa 1:24 na 1:25 unavumilika kwenye injini, ekseli, shokapu na matairi, kwa kuwa jicho halina cha kuvilinganisha navyo kwa karibu. Hauvumiliki kwenye vitu vinavyopakana, kama vile kabini na karai la nyuma la pikapu, au viti na usukani vinavyoonekana kwa pamoja dirishani.

Ikiwa kipimo ni sahihi na bodi bado haikai, pima umbali kati ya ekseli mbili kwenye chasisi, kisha umbali kati ya vitovu vya matao ya madigadi kwenye bodi. Vikitofautiana, rekebisha chasisi na uiache bodi, kwa sababu kovu la chasisi hufichwa na vivuli ilhali kovu la bodi hubaki mbele ya macho. Kata kila reli ya chasisi kwa umbo la ngazi badala ya mkato ulionyooka, ili ncha mbili zipandane, kisha ubandike ubao wa plastiki wa milimita moja upande wa ndani. Mkato ulionyooka uliogundishwa ncha kwa ncha utaachia siku utakapoyapachika matairi.

Mara chache zaidi, kinachozuia bodi ni sakafu ya ndani inayogota kwenye gia boksi au kwenye vishikio vya juu vya shokapu. Weka vijidonge vya udongo laini wa kuchezea juu ya chasisi, shusha bodi taratibu, kisha uinue. Kijidonge kilichobanwa kuliko vingine ndicho kitakachokuonyesha mahali pa kupunguza.

Simama hapa ikiwa bodi ni ya seti ya zamani isiyotengenezwa tena, au ni ya rezini iliyomiminwa kwa mkono. Mpelekee mjenzi mzoefu kabla ya kukata, kwa kuwa bodi ya namna hiyo haina mbadala.

Gurudumu moja linaning'inia

Weka gari juu ya kipande cha kioo bapa, wala usitumie meza, kwa maana mbao nyingi zimepinda kuliko zinavyoonekana. Pitisha ukanda wa karatasi chini ya kila tairi: pale karatasi inapopita bila kukwama ndipo penye kasoro. Kisha badilishana matairi kati ya pembe mbili. Ikiwa kasoro imehama pamoja na tairi, tatizo ni tairi lenyewe, na mara nyingi ni ukingo wa plastiki uliobaki kwenye mstari wa kalibu, au rimu ambayo haikuingia hadi mwisho. Huo ndio ukaguzi rahisi kuliko wote, na wajenzi wengi huuruka.

Kasoro ikibaki palepale, angalia fimbo zinazoshika ekseli. Fimbo za kushoto na kulia zikitofautiana hata kwa nusu milimita, ekseli hukaa mshazari na gari husimama kwa magurudumu matatu. Njia ya uhakika ya kuzipata zikiwa sawa ni kuzifunga pamoja kwa utepe na kuzitoboa zote kwa keekee moja, kwa mkupuo mmoja.

Kisababishi cha tatu ni kuchanganya mifumo miwili ya springi. Monsta traki za mwanzo, Bigfoot ya Bob Chandler iliyoanza kama pikapu ya Ford F-250 ya mwaka 1974 ikiwamo, zilisimama juu ya springi za bapa zilizopangwa tabaka kwa tabaka. Chasisi za mabomba zenye shokapu ndefu za gesi ya naitrojeni zilishika nafasi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Ekseli iliyotolewa kwenye seti ya mfumo wa kwanza ina vitako bapa vya kukalia springi. Ukiipachika kwenye fimbo za mfumo wa pili kwa kufuata vitako hivyo, huzunguka kwenye mhimili wake, pua ya difu (boksi la gia lililo kwenye ekseli) hutazama juu au chini kupita kiasi, na propela, yaani fimbo inayotoka gia boksi kwenda kwenye difu, haiwezi tena kuifikia. Puuza vitako, au vitie tupa viishe, na uelekeze pua ya difu kwenye mwisho wa gia boksi kabla ya kugundisha chochote. Propela ikiwa fupi, kama inavyotokea gari linapoinuliwa, ikate katikati na uiunge kwa kijibomba cha brasi kinachoteleza juu ya ncha zote mbili.

Mwisho ni chasisi iliyopinda. Itumbukize kwenye maji yenye joto la karibu nyuzi 80 za Selsiasi, itoe kwa koleo, ikandamize juu ya kioo kwa uzito, na uiache ipoe papo hapo. Rezini hulainika mapema zaidi, hivyo anza na maji ya moto kidogo tu na uongeze polepole. Usitumie moto wa kibiriti wala wa jiko: plastiki ya modeli hupita haraka kutoka hali ya kulainika hadi kuwaka, na moshi wake si wa kuvuta.

Magurudumu yanatanuka chini, au ncha za ekseli zinakatika

Hapa kisababishi ni kimoja kwa kiasi kikubwa: ekseli ya seti ya pikapu iliundwa kubeba matairi mepesi yenye kimo cha milimita 30 hivi, nawe umeitwika ya milimita 70. Tairi la vinili lenye ukubwa huo ni zito, tena rimu yake pana hulisukuma mbali na ncha ya ekseli, na kijiti cha plastiki hupinda kidogo kidogo kwa wiki kadhaa hadi kivunjike. Kukigundisha upya hakuna maana. Kitavunjika sentimita moja pembeni.

Toa ncha za plastiki na upitishe fito ya brasi au ya chuma yenye kipenyo cha milimita 2 ndani ya ekseli yote, kutoka rimu hadi rimu. Anza tundu kwa keekee ya mkono ya milimita 1, kisha panua kwa hatua za nusu milimita, ukitoboa kutoka kila upande hadi matundu yakutane katikati. Keekee ya umeme huzunguka kwa kasi, plastiki huyeyuka na kuganda kwenye ncha, na tundu hupotoka. Ekseli ya mbele yenye staringi haiwezi kupitishwa fito moja. Weka vipande viwili vifupi, kimoja katika kila kitovu cha gurudumu, na ukumbuke kwamba monsta traki halisi hugeuza magurudumu ya nyuma pia, kwa hiyo ekseli mbili za mbele za seti moja ni chanzo kizuri kuliko ekseli ya mbele na ya nyuma.

Ikiwa kilichoachia ni kiungo na wala si kijiti, kagua aina ya gundi. Supa gluu hushika haraka lakini ni kavu na haipendi kutikiswa wala kupigwa kutoka upande. Viungo vyote vinavyobeba uzito vipewe pini ya waya ya milimita 0.8 hadi 1 pamoja na epoksi ya sehemu mbili, na viachwe usiku kucha hata kama pakiti inadai dakika tano.

Gundi haishiki

Kwanza, chunguza kama nyuso zinazogusana ni tupu. Gundi ya modeli haibandiki juu ya plastiki. Huiyeyusha plastiki ya pande zote mbili ili ziungane zikiwa kitu kimoja, na haiwezi kufanya hivyo kupitia rangi, kromu au mafuta ya kalibu. Kwangua hadi uione plastiki yenyewe. Sehemu zote, hasa za rezini, zioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo kabla ya kazi kuanza.

Nyuso zikiwa safi na kiungo kikaachia tena, huenda plastiki hizo si za aina moja. Kuna jaribio dogo linaloondoa ubishi: chukua kikonyo cha plastiki kilichobaki kwenye kila seti, dondosha tone moja la gundi ya modeli iliyo nyepesi kama maji, subiri kidogo, kisha gusa kwa ncha ya kijiti cha meno na uvute. Polistirini, plastiki ya kawaida ya modeli, itang'aa, italainika na kuacha uzi mwembamba ufuatao kijiti. Aina nyingine za plastiki zitalainika kwa shida au zisilainike kabisa. Rezini na chuma vitabaki kama vilivyokuwa, na tone litakauka juu yake. Kwa chochote kisichotoa uzi, tumia epoksi au supa gluu pamoja na pini. Hifadhi kikonyo cha kila seti, kiandikwe jina la boksi lake, hadi modeli itakapokamilika, maana utakihitaji tena kwenye majaribio ya rangi.

Kromu ya seti huondolewa kwa kuiloweka kwenye dawa ya kuondoa madoa ya nguo nyeupe yenye klorini, ndani ya chombo cha plastiki, mahali penye hewa, ukiwa umevaa glavu. Onyo: usiichanganye dawa hiyo kamwe na siki, na dawa ya choo yenye asidi, wala na kitu chenye amonia, gesi inayotoka ni ya sumu. Macho yakianza kuwasha au kifua kikibana, toka nje, na kama hali haiishi umwone daktari. Vivyo hivyo, supa gluu ikiingia jichoni, usijaribu kuziachanisha kope kwa nguvu, nenda hospitali.

Rimu inalainika mahali inapogusana na tairi

Dalili hii huonekana kwa kuchelewa, na ndiyo sababu inauma. Modeli inakaa miezi kadhaa kwenye rafu, kisha siku moja tairi linatolewa na rimu inaonekana imelika, ina mashimo yanayonata, na mistari ya ndani ya tairi imechorwa juu yake. Matairi ya vinili yamechanganywa na kilainishi ambacho huhama taratibu na kuingia kwenye polistirini. Katika seti moja mtengenezaji huenda amezingatia jambo hilo, lakini ukivalisha tairi la boksi moja kwenye rimu ya boksi jingine hakuna aliyekuhakikishia chochote.

Ukiwahi, rimu ikiwa inang'aa tu bila kuliwa, ioshe, iache ikauke kwa siku kadhaa, na uzungushie karatasi ya aluminiamu yenye gundi, au utepe mweupe wa fundi bomba, kwenye kila eneo litakalogusana na tairi. Rangi peke yake ni kinga dhaifu kwa sababu kilainishi huilainisha nayo. Rimu iliyokwisha kuliwa haiponi, tafuta nyingine. Na usihifadhi matairi ya vinili pamoja na bodi ndani ya boksi moja bila kuyatia kwenye mfuko wake, kwani yatachora alama juu ya paa la kabini kwa njia ileile.

Rangi inakunjamana, inapasuka au inabadilika

Mikunjo inayotokea dakika chache baada ya kupuliza husababishwa kwa kawaida na rangi yenye tina (kiyeyushi) kali kuwekwa juu ya rangi yenye tina dhaifu. Laka hutangulia chini. Enameli na akriliki hufuata juu. Kinyume chake ni maafa. Bodi iliyonunuliwa ikiwa imepakwa rangi isiyojulikana ifutwe mahali pa siri kwa pamba yenye spiriti: akriliki kwa kawaida hulainika na kuchafua pamba, ilhali enameli iliyokomaa hustahimili. Ukiwa na shaka yoyote, ondoa rangi yote na uanze upya.

Nyufa nyembamba kama nywele kwenye plastiki yenyewe hutokana na spreyi ya magari halisi iliyopulizwa bila praima (rangi ya msingi). Praima ipigwe kwa tabaka nyembamba zinazokauka karibu zikiwa hewani, na ijaribiwe kwanza kwenye kile kikonyo ulichohifadhi.

Madoa ya waridi yanayojitokeza kwenye rangi nyeupe au ya njano ni hitilafu ya gari la mchanganyiko hasa. Baadhi ya seti hufinyangwa kwa plastiki nyekundu, na wekundu huo hupanda kupitia praima ya kawaida na rangi iliyo juu. Kabini nyeupe iliyounganishwa na boneti nyekundu itageuka upande mmoja tu. Tabaka la rangi ya fedha chini ya praima kwa kawaida huuzuia.

Ukungu mweupe juu ya laka ni unyevu wa hewa. Subiri siku kavu na upulize tabaka moja jepesi. Uso wenye vinundu kama ganda la chungwa hunyooshwa kwa msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, rangi ikishakomaa. Rangi isiyokauka kwenye tairi ni enameli juu ya vinili, nayo haitakauka. Tumia akriliki, au uache tairi lilivyo na ulisugue kwa msasa ili mng'ao wa kiwandani uondoke.

Kuna lalamiko jingine linalohusishwa na rangi isivyo haki: mstari wa kiungo uliozikwa vizuri kwa puti unajitokeza tena baada ya wiki chache. Puti ya tina huendelea kusinyaa muda mrefu baada ya kuonekana kavu, na kadiri ilivyo nene ndivyo inavyosinyaa. Jaza pengo pana kwa ubao wa plastiki, umalizie kwa puti ya sehemu mbili. Ikiwa mstari umeambatana na ufa, kiungo kinacheza. Ongeza ubao wa kukitegemeza kwa ndani kabla ya kugusa puti.

Onyo: laka zisizo na rangi za sehemu mbili zinazotumiwa na mafundi wa rangi za magari zina aisosayaneti, ambayo huumiza mapafu na haizuiwi na barakoa ya vumbi. Modeli ikihitaji mng'ao huo, ipeleke kwa fundi mwenye chumba cha rangi. Rezini isisuguliwe ikiwa kavu. Tumia maji na barakoa.

Vioo vina ukungu, stika zina mng'ao wa fedha

Ukungu wa vioo ni mvuke wa supa gluu. Tumia gundi nyeupe ya mbao, na uache bodi wazi hadi viungo vyote vya supa gluu vilivyo karibu vikauke kabisa. Mng'ao chini ya stika za maji ni hewa iliyonaswa kwenye rangi isiyong'aa. Paka tabaka linalong'aa kwanza, kisha stika, kisha tabaka la mwisho la namna uitakayo.

Taa haziwaki, au zinawaka na kuzimika

Geuza nyaya za LED (vitaa vidogo vya umeme) kwanza, kwa kuwa hupitisha umeme upande mmoja tu. Kisha kagua nyaya zinazopita kati ya bodi na chasisi, kwani hukatika kila bodi inapoinuliwa; ziachie urefu wa ziada na uziwekee kiunganishi cha kuchomoa. LED iliyowaka kwa nguvu mara moja na kufa ilikosa kizuizi (rezista) cha kupunguza mkondo: LED nyekundu ya volti 2 kwenye betri ya volti 9, kwa mkondo wa miliampia 20, huhitaji omu 350, na kizuizi cha omu 390 au 470 kinatosha bila wasiwasi.

Betri ya kifungo, au ya kawaida isiyochajiwa, inatosha kwa modeli ya rafuni, ilmradi iwekwe mahali inapoweza kutolewa. Ukitumia betri ya lithiamu na ukaiona imevimba, ina joto bila kutumika au inatoa harufu tamu ya kemikali, usiitoboe, usiichaji, wala usijaribu kuichomoa kwa kuibanua kutoka kwenye gundi. Ondoa modeli nzima kwenye vitu vinavyoshika moto, iweke nje juu ya zege au mchanga, na umwachie fundi wa vifaa vya umeme kazi ya kuitoa.